Idara ya Kutafuta Uhusiano

Jamhuri ya Tukutu haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta, wala asije mtu akajitafuta humo. Ni nchi ya watu wema, wanaoipenda amani kiasi kwamba kila baada ya miaka michache huenda kuipigania kwa jirani.

Jumanne moja, tarehe ishirini na tisa, kundi la magaidi lililojiita Vidole vya Moto liliulipua mnara wa saa wa mji mkuu. Watu kumi na wanne walikufa, wengi wao wakiwa wamesimama chini ya mnara kurekebisha saa zao. Nchi nzima ililia, na haki yake kulia. Polisi nao, kwa bahati mbaya, walifanya kazi vizuri. Ndani ya wiki moja waligundua kwamba walipuaji wote walizaliwa nchi ya mashariki, walisoma mashariki, na baruti yao ilitoka mashariki. Lakini mashariki ndiko Tukutu ilikopata mafuta ya magari, na Mtukufu Rais Majigambo hakuwa mtu wa kuwaudhi marafiki wakati wa msiba. Akapanda jukwaani, akanyoosha mkono, akanguruma hadi vipaza sauti vikapiga miluzi: "Tutawafuata magaidi hawa popote walipo, hadi magharibi!"

Magharibi ilikuwako Jamhuri ya Zizima. Rais wa huko, mzee Kedi, alikuwa mtu mbaya, hilo halina ubishi. Aliwafunga washairi, alibandika sura yake kwenye mifuko ya unga, na kwenye mkutano mmoja wa wakubwa aliwahi kulisahau jina la Rais Majigambo mbele ya wageni. Ila magaidi alikuwa hataki hata kuwasikia, maana alimwogopa kila mtu mwenye baruti ambayo si yake. Basi ilibidi uhusiano wake na Vidole vya Moto utafutwe. Ikaundwa Idara ya Kutafuta Uhusiano, ikapewa jengo la ghorofa nne. Ghorofa ya kwanza walitafuta, ya pili waliamini, ya tatu waliandika, na ya nne walishtuka.

Bi Mize hakuyajua hayo. Yeye alikuwa na mgahawa wake katika mji wa Daraja Mbili, ambao una daraja moja, la pili likiwa bado kwenye mpango wa maendeleo. Daraja hilo ndilo mpaka wa Tukutu na Zizima. Alipika chapati na maharage ya nazi, na alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitano asiyependa mteja anayelalamika huku anatafuna. Ng'ambo ya mto, upande wa Zizima, aliishi mdogo wake, Mboja, na mumewe Pazi na watoto wao wawili. Mto wenyewe mwembamba. Mboja akianika nguo asubuhi, Bi Mize akiwa mlangoni pa jiko lake alijua ni mtoto yupi amekojoa kitandani.

Alhamisi moja mchana yakaja magari matatu meusi, yakaegeshwa juu ya bustani yake ya mchicha. Akashuka bwana mfupi mwenye suti nzito na kalamu tatu mfukoni, nyuma yake karani aliyebeba daftari kubwa kama mlango wa kabati.

"Wewe ndiye mwenye mgahawa?"

"Ndiye mimi, karibuni. Chapati zipo, maharage yapo. Mchicha ulikuwepo mpaka mlipofika."

"Andika," bwana yule akamwambia karani. "Mchicha ulikuwepo." Kisha akajitambulisha: Ndugu Tegemeo Lukindo, Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Idara. Akatoa picha kwenye bahasha, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Mama, tazama vizuri. Unawajua watu hawa?"

Bi Mize akaivuta karibu, akacheka. "Sasa mbona mmempiga shemeji yangu akiwa ameachama hivi? Huyu ni Pazi, mume wa mdogo wangu. Na huyu ni fundi Shomvi, seremala wa hapahapa."

"Andika: shahidi amekiri undugu na wakala."

"Wakala wa nani?"

"Wa Zizima."

"Shemeji ni afisa forodha, baba. Anakaa kwenye kibanda pale darajani anahesabu mikungu ya ndizi."

"Ndivyo wanavyojificha," akasema Lukindo kwa huzuni ya mtu anayeujua ulimwengu. Akagusa picha kwa ncha ya kalamu. "Na huyu mwenzake. Kidole chake cha mwisho kiko wapi?"

"Kilikwenda na msumeno, mwaka ule wa mvua nyingi."

Watu wote wa Idara wakatazamana. Karani akaacha kuandika. Lukindo akashusha sauti. "Mama, katika Vidole vya Moto kuna kamanda hatari sana ambaye hajawahi kuonekana. Anaitwa Kidole cha Mwisho. Sasa niambie, mtu asiye na kidole cha mwisho ataitwaje?"

"Ataitwa Shomvi," akajibu Bi Mize. "Mtu haitwi kwa kitu asichonacho. Mimi sina gari, mbona hamniiti Bi Gari? Lakini ya nini kubishana? Fundi yuko mtaa wa pili, nyuma ya mashine ya kusaga. Nendeni mkamuulize."

"Mshukiwa haulizwi, mama. Ukimuuliza atakana, na akikana unaharibika ushahidi."

Akataka kujua watu wale wawili walikula nini siku waliyopigwa picha hiyo mgahawani. Bi Mize akasema shemeji alikula chapati mbili na maharage, na fundi alikunywa chai tu kwa sababu jino lilikuwa likimsumbua. Walizungumza nini? Kitanda. Mboja alikuwa amechoka kulalia kitanda kilichopasuka ubavuni, na Pazi alitaka kumtengenezea kipya cha mninga, tano kwa sita. Fundi akamhakikishia: "Mbao hii haitapasuka."

Hapo Lukindo akafumba macho kwa raha. Siku ile ya kitanda, kabla ya mlipuko, kulikuwa na mpelelezi meza ya jirani, kijana mwaminifu sana mwenye nta nyingi sikioni. Yeye alikuwa ameandika maneno manne: *Tano kwa sita. Itapasuka.* Ghorofa ya pili wakapiga hesabu. Tano mara sita ni thelathini. Mnara ulilipuliwa tarehe ishirini na tisa. Magaidi, basi, waliwahi kwa siku moja, jambo lililoonyesha jinsi walivyo hatari.

Alasiri hiyo fundi Shomvi alichukuliwa akiwa na randa mkononi. Baada ya siku nne za mazungumzo ya kirafiki, ambayo baada yake hakuweza tena kushika randa, alikiri kwamba yeye ndiye Kidole cha Mwisho. Walipoendelea kumbembeleza alikiri kuwa Kidole Gumba pia, na vidole viwili vya mguu, na kwamba Rais Kedi alikuwa akimpelekea baruti ndani ya mikungu ya ndizi. Mwisho alikubali kuwa ndiye aliyeleta ukame wa miaka sita iliyopita, lakini hilo Idara iliona aibu kulitumia.

Bi Mize naye alipelekwa mji mkuu kuwa shahidi. Walimweka kwenye nyumba ya wageni yenye mazulia ukutani, wakamletea mwalimu wa ushahidi, bibi mmoja mpole aliyemfundisha kutamka. Siku ya kwanza sentensi ilikuwa: "Walikaa meza moja." Siku ya pili ikawa: "Walikaa pamoja." Siku ya tatu: "Walikuwa pamoja." Siku ya nne mwalimu alimletea: "Wako pamoja," akamwomba aitamke huku akigusa kifua.

"Lakini meza zilikuwa zimejaa siku hiyo," akasema Bi Mize. "Ningewakalisha wapi? Kichwani?"

"Hilo la meza kujaa usilitaje, mama. Linapunguza uzito."

Siku ya tano akaja Lukindo mwenyewe. Alikuwa na furaha. Neno Kaimu lilikuwa limeondolewa kwenye cheo chake. Akakaa, akakunja nne.

"Naambiwa unasumbua kidogo."

"Sisumbui, baba. Nasema nilichokisikia. Mkienda kupigana kule, bomu halitauliza nani ni Kedi na nani ni mdogo wangu."

"Mabomu yetu ni ya kisasa. Yanauliza." Kisha akainama mbele, na sauti yake ikawa laini kama mkono unaotafuta shingo. "Bi Mize, wewe uliwapikia watu wale. Sheria yetu mpya inatambua watu wa aina mbili tu ndani ya mgahawa ule: shahidi na mshirika. Shahidi anarudi nyumbani kwake. Mshirika anawekwa karibu na fundi Shomvi. Kesho Bungeni utachagua mwenyewe. Hii ni nchi huru."

Lukindo alipoondoka, Bi Mize alikaa na mikono yake mapajani. Alikuwa mtu wa kujibu, lakini siku hiyo aliogopa, na hakuona aibu kujikubalia kwamba anaogopa. Alijaribu kuitamka sentensi ya mwalimu peke yake, polepole: wako pamoja. Ilitoka vizuri tu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba uongo ule haukuwa mgumu mdomoni. Akafikiri habari za Pazi, mwanamume aliyevuka daraja na suruali yake iliyopigwa pasi ili amwagizie mkewe kitanda, na ambaye kila alipomaliza kula aliirudisha sahani mwenyewe hadi jikoni. Akanawa uso, akaitoa sentensi ile mdomoni pamoja na maji ya kusukutua.

Bunge la Tukutu siku hiyo lilijaa hadi kwenye ngazi. Mtukufu Rais alihutubia kwa saa mbili. "Waheshimiwa," alisema, "wapo wanaotuuliza, ushahidi uko wapi? Nami nawauliza, je, ukosefu wa ushahidi si ushahidi kwamba umefichwa? Na ni nani anayeficha ushahidi, kama si mwenye hatia?" Wabunge walisimama kumpigia makofi, wakakaa, wakasimama tena. Wengine waliona ni nafuu kubaki wamesimama.

Ndipo akaitwa Bi Mize. Spika akamuuliza kama aliwaona watu wale wawili.

"Niliwaona. Mmoja ni shemeji yangu, mwingine ni seremala. Waliongea habari za kitanda."

Minong'ono ikazuka. Lukindo, kwenye kiti cha wataalamu, akamkazia macho.

"Mpelelezi ameandika *itapasuka*. Taja maneno uliyoyasikia wewe," akasema Spika. "Na ukumbuke nchi inasikiliza."

Bi Mize akashika ukingo wa meza. Sauti ilitoka ileile ya kuitia wateja. "Fundi alisema haitapasuka. *Ha-i-ta-pa-su-ka.* Mbao ya kitanda. Nimeapa, na nikirudia mara mia nitasema hivyohivyo. Huyu aliyeandika itapasuka ameila *ha* yangu, na mimi naitaka irudishwe."

Kwa muda wa pumzi moja hivi, vita vilikuwa vimesimama. Kuna mbunge mmoja wa nyuma aliyesikika akisema, "Lo, kumbe kitanda," na jirani yake akaanza kucheka.

Lukindo akainuka taratibu. "Mheshimiwa Spika, Idara inamshukuru shahidi kwa ujasiri wake. Hiyo *ha* tulikuwa hatunayo. Sasa picha imekamilika." Akageukia wabunge, akapanua mikono. "Waheshimiwa, gaidi huyu hakusema tu itapasuka. Alicheka kwanza! *Ha! Itapasuka!* Watu kumi na wanne wamekufa, na yeye anacheka!"

Bunge zima likalipuka kwa hasira. Bi Mize alipaza sauti, "Hakucheka! Alikuwa anaumwa jino!" Lakini kipaza sauti chake kilikuwa kimekwisha kuzimwa, na mbunge wa nyuma, aliyeanza kucheka, sasa alikuwa amesimama juu ya kiti akidai vita vianze kabla ya chakula cha mchana. Kura ilipigwa kwa kelele. Walioshinda ni wenye kelele. Bi Mize, kwa kuwa alikuwa ametoa mchango mkubwa kuliko ulivyotarajiwa, alirudishwa nyumbani kama shahidi, na redio ikatangaza nchi nzima na za jirani kwamba Bi Mize wa Daraja Mbili amethibitisha.

Vita viliitwa Operesheni Upendo wa Jirani. Vilianza Jumatatu, saa tatu asubuhi, Bi Mize akiwa anasukuma chapati. Bomu la kwanza kabisa lilielekezwa kwenye kile ambacho redio ilikiita makao makuu ya wakala Pazi. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye kigoda kimoja, kalenda na muhuri. Pazi alikuwemo, kwa sababu katika miaka kumi na saba ya kazi hakuwahi kukiacha kituo kabla ya saa sita.

Bi Mize aliuona moshi kutoka mlangoni pa jiko. Alikimbia hadi mtoni na unga mikononi, lakini askari walikuwa wamelijaza daraja, wanavuka kwa safu, wakiimba. Alirudi, akasimama pale mlangoni. Ng'ambo, nguo za Mboja zilikuwa kambani. Kesho yake zilikuwa bado zipo. Na keshokutwa yake. Siku tatu hazikuanuliwa.

Siku ya nne Mboja alivuka daraja akiwa na watoto wawili na sufuria moja, akipita upande upande dhidi ya jeshi lililokuwa likienda kumkomboa. Askari wa mpakani alimpa fomu ya kutia sahihi kwamba amekombolewa, akatia. Alipofika mgahawani hakulia. Aliwakalisha watoto kwenye benchi, akasubiri dada yake awape chakula, kisha akasema:

"Dada, tulisikia redioni. Wakasema wewe ndiye uliyethibitisha."

Bi Mize hakuweza kumtazama. "Na Pazi alisikia?"

"Alisikia. Akacheka. Akasema, 'Dada yako akija nitamuuliza amethibitisha nini.'"

Bi Mize akaliacha jiko, akaja kukaa karibu naye, bega kwa bega, kama walivyokaa msibani kwa mama yao. "Nilisema kweli, mdogo wangu. Neno kwa neno. Mbele ya wakubwa wote."

"Sasa mbona wamekuja?"

"Walikuwa wameshavaa buti."

Hapo ndipo Mboja alipolia, na Bi Mize pamoja naye, na chapati zikaungua, na wateja wakazila hivyohivyo.

Vita vilikwisha kwa siku kumi na tisa. Mzee Kedi alitoroka ndani ya gari la wagonjwa, na watu wa Zizima walishangilia kwa dhati siku nzima, maana walimchukia kweli. Siku ya pili waliuliza maji yatarudi lini. Jeshi la Tukutu likaanza kuwatafuta Vidole vya Moto. Liliwatafuta visimani, darini na kwenye maghala ya mahindi, likapata mzee mmoja ambaye jina la babu yake lilikuwa Kidole. Kisha, kwa kuwa polisi wote wa Zizima walikuwa wamefukuzwa kazi kwa ajili ya usalama, Vidole vya Moto wenyewe wakaja kutoka mashariki na malori yao na kupiga kambi. "Si tuliwaambia wako huko?" akasema Mtukufu Rais, na ghorofa ya nne wakashtuka kwa furaha.

Baadaye Kidole cha Mwisho mwenyewe alipeleka picha yake magazetini. Alikuwa na vidole kumi vilivyotimia. Aliitwa hivyo kwa kuwa ni kitindamimba kwao. Serikali haikutetereka, ilimwachia fundi Shomvi na kumpa cheti chenye muhuri kinachosema kwamba mwenye cheti hiki si gaidi kwa sasa.

Mboja hakurudi ng'ambo. Alibaki akimsaidia dada yake mgahawani, yeye akihudumia mezani, Bi Mize akipika. Ikapita miezi minane. Mchana mmoja yakaja magari meusi, safari hii saba. Ndugu Lukindo alikuwa ameteuliwa Mlezi Mkuu wa Zizima, na alikuwa njiani kwenda kulea. Suti yake ilikuwa nzito zaidi. Alikaa meza ya katikati, akamtaka Mboja amletee chapati mbili na maharage, na Mboja akaleta.

Bi Mize akatoka jikoni. "Mheshimiwa, huyu anayekuhudumia ni mdogo wangu. Mjane wa Pazi."

Lukindo hakuwa mtu asiye na adabu. Aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akasimama. "Pole sana, mama. Historia ina maumivu yake. Lakini mumeo hakufa bure."

Mboja alikuwa mtu wa sauti ndogo, tofauti na dada yake. Mgahawa mzima uliacha kutafuna ili umsikie.

"Mheshimiwa, mimi nina swali moja tu. Uhusiano wa mume wangu na watu wale, mliupata?"

Lukindo akakohoa. "Suala hilo ni la kitaalamu. Uhusiano unaendelea kutafutwa."

"Haya," akasema Mboja. Akainama, akaichukua ile sahani ya chapati na bakuli la maharage lililokuwa likifuka moshi. "Basi na chakula chako kinaendelea kutafutwa."

Akavipeleka jikoni, akashusha pazia.

Mheshimiwa alitazama kulia, akatazama kushoto. Walinzi wake walikuwa wakitazama sahani zao. Bi Mize alisimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni.

Lukindo akafunga vifungo vya suti, akatangaza kwamba hata hivyo hakuwa na njaa, akaingia garini. Msafara ukavuka daraja kwenda Zizima, nchi iliyokombolewa vizuri sana, ambako toka mpakani hadi ikulu hakukuwa na mgahawa hata mmoja uliosalia.